Uzi: Gari ni langu, kazi ni ya kampuni, nalipwa 700 kwa kilomita. Nalipwa au ninawalipia?

MguuWaSafari · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam. Nina jambo limenikaa kooni, nimeona nilitoe hapa kabla sijalitoa mbele ya bosi nikaharibu.

Nauza mbegu na dawa za mifugo kwa niaba ya kampuni yenye ofisi Kampala. Eneo langu ni West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nalala Arua, nazunguka Maracha, Koboko, Yumbe, Nebbi, mara mojamoja Moyo. Gari ni langu, Premio ya cc 1800, nililinunua milioni 30 za jasho. Makubaliano ni kwamba kila kilomita ya kazi nalipwa shilingi 700. Kwa mwezi za kazi hufika 1,400, kwa hiyo napata 980,000. Kiwango hicho nilikikuta siku naajiriwa. Siku hiyo mwanangu wa kwanza alikuwa hajaota meno, leo anasoma P.2.

Wiki iliyopita gari limekaa gereji siku tatu. Bushi za mbele, shokapu mbili, na tairi moja lililochanika njia ya Yumbe. Fundi kanitoa 870,000. Nikapeleka risiti ofisini, mhasibu akanijibu kwa maneno matatu: "Maileji imeshajumuisha yote."

Yote yapi? Halafu hata hizo 980,000 zenyewe haziji kwa wakati. Madai ya mwezi wa nane yameingia kwenye simu tarehe 17 mwezi wa kumi. Katikati hapo nilikopa 800,000 kwenye SACCO yetu ili niendelee kujaza mafuta ya kampuni.

Naomba mnijulishe: 700 inatosha? Serikali ina kiwango chake? Au mimi ndiye mlalamishi?

MtotoWaNtinda · saa 2:31 usiku

Kaka, mafuta huko bei gani? Premio hiyo kwa lita moja inakwenda kilomita 10 hivi. Ondoa mafuta kwenye hiyo 700 uone kinachobaki. Wenzako tunazunguka Kampala nzima kwa bodaboda, tukirudi tunalipwa bei ya kikomando, ile chapati na maharage, na neno ahsante. Ningekuwa wewe ningenyamaza nikala.

MguuWaSafari · saa 2:40 usiku

Juzi nimejaza kwa 5,400 kila lita. Kwa hiyo ni 540 kwa kilomita, inabaki 160. Mara 1,400 ni 224,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo hata mimi niliipiga zamani, ndiyo iliyonilaza usingizi miaka yote hii nikijiona mjanja.

KalamuNyekundu · saa 4:05 usiku

Nimekaa uhasibu na ukaguzi miaka 22, sasa nafuga kuku Mukono. Ngoja nivute kiti.

Mwanangu MguuWaSafari, hiyo 224,000 haikuwa faida. Ilikuwa ni gari lako unalikatakata na kuliuza kipande kipande, ila mnunuzi hachukui chuma, anachukua kilomita. Tupige hesabu ya kweli. Umesema za kazi 1,400. Na zako binafsi, kanisani au msikitini, shuleni, kijijini, tuseme 600. Jumla 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka.

Mafuta 540, hapo hatubishani. Tairi nne, moja 280,000, jumla 1,120,000. Kwa njia zenu za changarawe tairi likikupa kilomita 28,000 shukuru Mungu. Gawanya, ni 40 kwa kilomita. Servisi, yaani oili, filta na kazi ya fundi, weka 240,000 kila kilomita 5,000, ni 48. Chini ya gari, zile bushi na shokapu unazozililia, weka 1,200,000 kwa mwaka, gawanya kwa 24,000, ni 50. Sasa njoo kwenye lile ambalo vijana hawalioni kwa sababu halina risiti: uchakavu. Gari la milioni 30 ukiliuza baada ya mwaka wa kazi hiyo hupati 30. Tuseme limeshuka milioni 3 tu, nami nakuhurumia. Gawanya kwa 24,000, ni 125.

540 na 40 na 48 na 50 na 125. Jumla 803.

Unalipwa 700. Kila kilomita unaongeza 103 kutoka mfukoni. Mara 1,400, ni 144,200 kila mwezi unaichangia kampuni. Na sijaweka bima, sijaweka kuosha, sijaweka pancha.

Kwa hiyo mhasibu wako hakukosea kusema maileji inajumuisha yote. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi, anayelipwa kwa kilomita haleti tena risiti ya shokapu, maana atakuwa analipwa mara mbili. Kosa liko kwenye namba. Usiende kudai 870,000 za gereji, utashindwa. Nenda ukadai kiwango.

MtotoWaNtinda · saa 4:12 usiku

Banange. Hiyo ya kukatakata gari imenichoma. Nafuta kauli.

TanboiMstaafu · saa 5:20 usiku

Nami niongeze la bei ya mafuta. Mwaka 2022 mwezi wa kwanza madereva wa malori tuligoma kule Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Covid. Foleni ilikuwa haina mwisho, mtu unapika ugali chini ya trela. Ndani ya nchi mafuta yakapotea, kuna miji petroli iliuzwa shilingi 10,000 lita na watu wanagombania. Mgomo ukaisha, lakini katikati ya mwaka huohuo petroli ya Kampala ikapita 6,000.

Nina shemeji yangu alikuwa analipwa maileji ya kudumu kama wewe. Miezi ile alikuwa anaenda kazini kwa hasara kabla hajawasha gari. Alipouliza akaambiwa kiwango hubadilishwa wakati wa bajeti. Bajeti ilipofika bei ikawa imeshuka kidogo, wakamwambia sasa kuna shida gani?

KakaLeicester · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Niko Uingereza, natunza wazee majumbani, gari langu. Huku ofisi ya kodi imeweka kiwango: pensi 45 kwa maili kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka, zikizidi hapo ni 25. Pikipiki 24, baiskeli 20. Ukimbeba mfanyakazi mwenzako kwa safari ya kazi, mwajiri anaweza kukuongezea pensi 5. Mwajiri akilipa chini ya hapo, ile tofauti naidai kwenye kodi yangu. Haimaanishi narudishiwa yote, ila napunguziwa kodi.

Msidhani ni peponi. Hiyo 45 iliwekwa mwaka 2011, na zaidi ya miaka kumi baadaye ilikuwa palepale huku kila kitu kikipanda. Wamarekani hubadilisha chao kila mwaka. Mwaka 2022 mafuta yalipopanda sana hawakungoja hata mwaka uishe, walianza na senti 58.5 kwa maili, mwezi wa saba wakapandisha hadi 62.5. Mwaka 2025 ikawa 70. Hilo ndilo la kumwonyesha bosi wako: kubadilisha katikati ya mwaka inawezekana.

ShemejiNairobi · saa 2:48 asubuhi

Huku Kenya waajiri wengi hutazama jedwali la AA Kenya, chama cha wenye magari, linapanga kwa ukubwa wa injini, ya cc 1300 si sawa na ya cc 2500. Gari kubwa linalipwa zaidi. Sasa kituko ni pale bosi anapokupa kiwango cha gari dogo kisha anakutuma Marsabit.

MguuWaSafari · saa 3:30 asubuhi

Wazee ahsanteni, sikulala vizuri. Mzee KalamuNyekundu, je URA, mamlaka yetu ya kodi, wana kiwango cha kilomita kama hao wa Uingereza? Na swali la pili: HR ameniambia kwa simu leo asubuhi kuwa kama naona tabu, wanaweza kuniondoa kwenye maileji na kunipa posho ya usafiri ya 1,000,000 kila mwezi, iwe mvua liwe jua, bila kujaza fomu. Kwa macho ni zaidi ya 980,000. Nikubali?

KalamuNyekundu · saa 6:20 mchana

USIKUBALI. Ngoja niwape kuku maji nirudi.

KalamuNyekundu · saa 7:02 mchana

Nimerudi. Sikiliza kwa makini maana hapa ndipo wengi huumia.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, ile ya 1997, haikutaja shilingi kadhaa kwa kilomita. Ilichosema kwenye mapato ya ajira ni hiki: fedha mwajiri anayokurudishia kwa matumizi uliyoyafanya kwa niaba yake si mapato yako. Na posho ya safari, malazi na chakula ukiwa safarini kikazi nayo haitozwi kodi, mradi haizidi gharama yenyewe. Neno zito hapo ni "haizidi". Ndiyo maana unahitaji daftari la safari na hesabu kama ile ya jana. URA wakija, kampuni iwaonyeshe kuwa 803 ni gharama, si mshahara uliovaa kofia.

Sasa hiyo milioni ya kila mwezi bila fomu. Haijafungwa na safari yoyote. Ukienda Yumbe mara kumi ni milioni, ukikaa nyumbani na malaria ni milioni. Hiyo ni mshahara, itaingia kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Mshahara wako najua umepita 410,000 kwa mwezi, kwa hiyo kila shilingi ya juu inakatwa asilimia 30. Milioni inabaki 700,000. Umetoka 980,000 isiyokatwa umeingia 700,000, na bado mafuta peke yake ni 1,400 mara 540, yaani 756,000. Utakuwa unaongeza pesa kwenye mafuta, achilia mbali tairi.

Sidhani HR ana nia mbaya. Fomu zinamchosha. Lakini uchovu wake usilipwe na Premio yako.

Na jingine, mjue: nyumbani kwako hadi ofisini si safari ya kazi. Sheria yetu inaiita matumizi ya binafsi. Ukiamka Arua mjini ukaenda kwenye ghala la Arua, hizo ni zako. Kutoka ghalani kwenda Koboko, hizo ni za kampuni.

OfisaKilimo_Nebbi · saa 7:40 mchana

Sisi wa wilayani tuna safari day, yaani posho ya siku ya safari, na ukilala nje una per diem, posho ya kulala. Kwenye karatasi ipo vizuri. Fungu likiisha mwezi wa pili wa robo, unaandikiwa "endelea kwa moyo wa uzalendo". Mwenye 700 inayochelewa ashukuru. Natania kidogo, ila si sana.

BintiKoboko · saa 2:05 usiku

Nimesoma kimyakimya tangu jana. Mimi niko kwenye shirika linalohudumia wakimbizi, kazi yangu Bidibidi na Moyo. Pikipiki ni ya shirika, mafuta ni kwa kadi, kwa hiyo maileji hainihusu. Kinachonitoa jasho ni hesabu ya safari, ile wenzangu wanaiita akauntabiliti. Unapewa masurufu, ukirudi una siku tano kuleta risiti za kila kitu, usipoleta inakatwa kwenye mshahara.

Mwaka jana nimetoka Adjumani kurudi Moyo. Nikafika mtoni jioni, feri ya Laropi imeegeshwa ng'ambo, ikasemekana injini ina hitilafu hadi kesho. Feri yenyewe ni bure, haina shida. Shida ni kulala. Pale nilipolala ni nyumba ya mama mmoja muuza samaki, ana vyumba vitatu vya kupangisha, kitanda, neti na beseni la maji ya moto. 20,000 pamoja na chai. Risiti? Mama akacheka. Akachana karatasi kwenye daftari la mwanawe la hesabu, nyuma kuna jedwali la saba, akaandika "Amelala. 20,000" akatia sahihi na namba ya simu.

Watu wa idara ya fedha Kampala waliikataa. Wakataka risiti yenye mhuri na namba ya mlipa kodi. Mama wa samaki pale mtoni!

Halafu kilichoniuma zaidi: risiti halali ya hoteli niliyokuwa nayo, ile ya mashine ya Adjumani, niliiweka mbele ya gari tulilopanda siku iliyofuata. Jua la huku mnalijua. Nilipofika kuitoa ilikuwa nyeupe kama shuka ya hospitali. Hata tarehe haionekani. Nililipa 110,000 kwa mshahara wangu.

KalamuNyekundu · saa 3:15 usiku

Pole sana binti. Hizo karatasi za mashine huandikwa kwa joto, na mwanga wa jua huzifuta. Ukipokea tu risiti, piga picha palepale kaunta, jitumie mwenyewe kwa WhatsApp. Ile karatasi iwekwe ndani ya daftari, si mfuko wa plastiki, si dashibodi.

Kuhusu mama wa samaki, fedha wenu wana hofu yenye sababu ila wameielekeza kwa mtu asiyehusika. Kama muuzaji amesajiliwa kwenye EFRIS, mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, kampuni bila risiti ya EFRIS haikubaliwi kuondoa gharama hiyo kwenye faida. Ndiyo maana hotelini uombe risiti yenye TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya shirika lako. Lakini mama mwenye vyumba vitatu hayumo huko. Kwa watu kama hao, na bodaboda pia, ofisi nyingi zenye akili zina hati ya malipo: jina, simu, kiasi, sababu, sahihi ya aliyepokea, sahihi ya msimamizi wako. Omba kijitabu kimoja, utembee nacho.

MtotoWaNtinda · saa 3:33 usiku

Mie wa Kampala nimeacha ubishi na boda wa stendi, natumia wa programu za simu. Safari ikiisha inabaki kwenye simu: umetoka wapi, umefika wapi, saa ngapi, shilingi ngapi. Mwisho wa mwezi nachapisha zote. Ile barabara ya kulipia ya Entebbe nayo, nikipita na gari, nadai 5,000 zangu kwa risiti ya pale getini, mwanzo bosi alisema ningepita njia ya zamani. Nikampeleka siku moja kupitia Kajjansi saa 11 jioni. Hajarudia.

TanboiMstaafu · saa 4:50 usiku

Tuseme na ukweli mwingine. Kwa nini maofisi yana roho ngumu? Kwa sababu yetu sisi. Ukifika kituo cha mafuta, kijana wa pampu kabla hajauliza unaweka ya ngapi anauliza "niandike ngapi?" Nani hajawahi kuulizwa hivyo? Mimi nimeulizwa na nimejibu. Kijana, enzi hizo nina nyumba naijenga.

KalamuNyekundu · saa 5:30 usiku

Mzee mwenzangu umefungua chungu. Sawa, nitasema niliyoyaona bila kutaja mtu wala ofisi.

Nimeona risiti ya lita 22 kwa pikipiki ambayo tangi lake halifiki 15. Nimeona risiti za miezi mitatu, za vituo viwili tofauti, mwandiko mmoja, na namba zinafuatana kana kwamba kituo kizima kilikuwa na mteja mmoja tu. Nimeona daftari la safari ambalo kila siku ni kilomita 100 kamili, Jumapili ya Pasaka ikiwemo. Barabara za nchi hii haziishii kwenye sifuri. Arua hadi Koboko ni kama 55, wewe unaandika 80 kwa sababu ulipitia kwa mchumba, mkaguzi akifungua ramani kwenye simu amekumaliza.

Ninachosikitikia si hao waliofukuzwa. Ni wale waliobaki. Baada ya kesi moja kama hiyo ofisi inaongeza fomu mbili na sahihi tatu, na mtu kama BintiKoboko analipa 110,000 kwa ajili ya jua.

BintiKoboko · saa 5:41 usiku

Na sisi wanawake tuna letu. Nikiomba gari lije linichukue kwa sababu giza limeingia, naulizwa kwa nini sikupanda boda, boda ni 5,000. Ukitaka kuokoa 5,000 panda wewe, saa 3 usiku, njia ya Yumbe.

OfisaKilimo_Nebbi · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Hilo la dada liwekwe kwenye sera kwa maandishi. Baada ya saa fulani, gari au kulala, bila kuulizwa.

Nami nina swali la bima. MguuWaSafari una bima gani?

MguuWaSafari · saa 1:30 asubuhi

Ile ndogo ya lazima. Thadi pati.

OfisaKilimo_Nebbi · saa 1:44 asubuhi

Nilijua. Hiyo inamlipa uliyemgonga, tena kidogo. Gari lako likilala mtaroni Karuma ni lako peke yako. Na hata ukikata bima kubwa, soma wameandika matumizi gani. Kama fomu inasema matumizi binafsi na wewe buti limejaa mbegu za kampuni, jiandae kubishana nao. Waambie mapema ukweli, watakuongezea ada kidogo. Ndugu yangu alijifunza kwa gari zima. Yeye mwenyewe alipoumia mguu alilipwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, maana alikuwa kazini. Mguu ulilipwa. Gari halikulipwa, sheria ile haijui magari.

KalamuNyekundu · saa 3:00 asubuhi

Ahsante ofisa, hilo nililiacha nje kwa makusudi juzi nikasahau kulirudia. Bima kubwa kwa gari lake ukiweka 1,200,000 kwa mwaka, gawanya 24,000, ni 50 nyingine. Tumefika 853.

Faini za polisi zisithubutu kuingia kwenye madai. Mwendo kasi ni mguu wako.

TanboiMstaafu · saa 4:10 asubuhi

Nje ya mada kidogo: mtu akimaliza mkataba mbali na kwao, nauli ya kurudi ni ya nani? Kijana wangu kaajiriwa Tororo akapelekwa kufanya kazi Kasese.

KalamuNyekundu · saa 4:35 asubuhi

Ya mwajiri, kama mahali pa kazi ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao. Ipo kwenye Sheria ya Ajira ya 2006, mkataba ukiisha anarudishwa alikochukuliwa kwa gharama ya mwajiri. Wakikataa aende kwa ofisa kazi wa wilaya. Aende na mkataba mkononi, si maneno.

MguuWaSafari · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Nimeandika barua. Ukurasa mmoja tu. Sikulalamika hata sentensi moja, nimeweka jedwali la mzee, bei zangu, risiti zangu za mwaka mzima. Nimeomba mambo matatu: kiwango kiwe 850, kiangaliwe upya kila petroli ikipanda au kushuka kwa shilingi 500, na nipewe masurufu ya nusu mwezi mwanzoni ili nisikope SACCO. Nimeonyesha kuwa mkopo wa 800,000 kwa asilimia 3 kwa mwezi ni 24,000, na hiyo ni riba ya kuikopesha kampuni yenyewe. Pia kwamba fedha ikija kwenye simu, kuitoa kuna ada ya mtandao na juu yake kodi ya asilimia 0.5, yaani 4,900 kwa kila 980,000. Nimeomba waweke benki.

Nimeambatanisha daftari: tarehe, nimetoka wapi, nimefika wapi, nimemwona nani, mita ilisoma ngapi asubuhi na ngapi jioni. Na picha za mita. Naomba dua zenu.

ShemejiNairobi · saa 3:26 usiku

Hiyo ya kuangaliwa upya kila shilingi 500 ni kali. Hata wakikataa 850, ng'ang'ania hiyo.

MguuWaSafari · Ijumaa ya wiki ya pili, saa 10:15 jioni

Wakuu, mrejesho.

Nimeitwa Kampala. Nilienda na basi la usiku, nikadai tiketi, wakalipa bila neno. Kikao kilikuwa dakika arobaini. Meneja alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Mhasibu ndiye aliyepekua daftari, akachagua siku tatu ovyo akazipima kwenye ramani ya simu. Koboko ikatoka sawa. Nebbi ikatoka sawa. Ya Yumbe ilizidi kilomita 9, akainua macho. Nikamwambia siku hiyo daraja dogo lilikuwa limejaa maji tukazungushwa, na nilikuwa nimeandika hivyo pembeni kwa kalamu. Akasoma. Tangu hapo akabadilika sauti.

Tumetoka hivi: 780. Bima wamesema ni jukumu langu kwa sababu gari nalitumia na mimi. Uchakavu walitaka kuutoa wote, nikawauliza gari hili likifa nitakuja kazini na nini, wakarudisha sehemu. Kiwango kitaangaliwa kila miezi sita, si kila shilingi 500. Masurufu wamekubali 400,000 mwanzo wa mwezi. Benki wamekubali. Malimbikizo ya nyuma hakuna hata shilingi.

MtotoWaNtinda · saa 10:22 jioni

780 mara 1,400 ni 1,092,000. Umeongeza 112,000 kwa mwezi kwa karatasi moja. Hongera ssebo!

KalamuNyekundu · saa 11:05 jioni

Hongera mwanangu. Bado uko chini ya gharama yako kwa 23, na ukikata bima kubwa kwa 73, usijidanganye. Umepewa kwa mdomo au kwa maandishi?

MguuWaSafari · saa 11:09 jioni

Kwa mdomo. Walisema waraka utakuja.

KalamuNyekundu · saa 11:10 jioni

Leo hiihii waandikie barua pepe: "Kufuatia kikao chetu, naelewa tumekubaliana yafuatayo." Orodhesha, tuma, nakala kwa mhasibu.

MguuWaSafari · Jumatatu, saa 4:40 asubuhi

Waraka umefika, umesainiwa. Unaanza tarehe 1 mwezi ujao. Chini mhasibu ameongeza mstari kwamba wafanyakazi wote wa mikoani watatumia daftari la mfano wangu. Wenzangu wa Mbarara na Soroti wameanza kunipigia simu, nusu wanashukuru, nusu wananitukana.